Damu “haziendani”: wachumba wapime nini hasa?

Uchumba mwingi unaingia doa kwa karatasi ya maabara. Binti amepima, majibu yake ni O. Kijana amepima, yake ni A. Wakubwa wanakaa kikao, na mmoja wao anasema hapo hakuna ndoa: damu zao haziendani, mimba zitakuwa zinaharibika. Mwingine anakumbuka ndugu wa ukoo ambao watoto wao waliugua na kufa wakiwa wadogo, naye anaamini sababu ilikuwa hiyohiyo. Kwenye simu nako zinazunguka jedwali za kuonyesha kundi gani lioane na kundi gani.

Kauli hiyo ya damu kutoendana inabeba ndani yake mambo matatu tofauti: kundi la damu, Rh (ile alama ya + au − mbele ya kundi), na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. La kwanza halina uzito wowote katika kuchagua mwenza. La pili lina sindano yake ya kinga. La tatu ndilo linalostahili mazungumzo mazito kabla ya ndoa, na mara nyingi ndilo ambalo halikupimwa kabisa. Watu wanarudi kutoka maabara na majibu ya swali lisilo na maana kwao, wakiamini wamemaliza.

Tuanze na damu yenyewe. Wekundu wake unatokana na seli nyekundu, ambazo ni bapa na zimebonyea katikati. Ndani ya kila seli kumejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Juu ya ngozi ya seli hiyo kuna alama ndogondogo ziitwazo antijeni. Kundi la damu na Rh ni habari za alama za nje. Selimundu ni habari ya himoglobini iliyo ndani. Ndiyo maana kujua kundi lako hakukuambii lolote kuhusu selimundu. Mtu wa kundi O anaweza kuwa nayo, wa A vilevile, na wa AB vilevile.

Jambo la pili la kuelewa ni kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kushambulia kitu kigeni, kiwe kijidudu au seli yenye alama usiyokuwa nayo wewe.

La tatu ni namna tunavyorithi. Kwa kundi la damu, kwa Rh na kwa himoglobini, mtu ana vinasaba viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Fikiria doti ya kanga. Doti ni vipande viwili. Baba ana doti yake na mama ana doti yake, na mtoto anapotungwa, kila mzazi anampa kipande kimoja tu bila kuchagua. Vipande hivyo viwili ndivyo doti mpya ya mtoto. Tofauti na kanga za dukani, vipande vya doti hii si lazima vifanane, na kimoja kinaweza kuwa kimefunikwa na mwenzake kisionekane kabisa. Mtu anaweza kukaa na kipande hicho maisha yake yote bila kujua anacho, kisha akampa mtoto.

Sasa kundi la damu. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwamba ukichanganya damu za watu mbalimbali, baadhi zinagandana na nyingine hazigandani. Kutokana na hapo tukapata makundi A, B na O, na AB likaongezwa mwaka uliofuata. Mwenye A ana alama ya A kwenye seli zake na kingamwili dhidi ya B. Mwenye B ni kinyume chake. AB ana alama zote mbili. O hana hata moja, ila ana kingamwili dhidi ya zote mbili. Afrika Mashariki karibu nusu yetu ni O.

Elimu hii ni ya kufa na kupona unapoongezewa damu. Mtu wa O akipewa damu ya A, kingamwili zake zitazishambulia seli hizo papo hapo na anaweza kufa. Basi “kutoendana” kwa kweli ni kwa anayetoa damu na anayepokea. Mke na mume hawaongezeani damu kwa kuoana. Hata mimba ikitungwa, damu ya mama na ya mtoto kwa kawaida haichanganyiki. Kondo la nyuma hupitisha chakula na oksijeni, na kila mmoja anabaki na damu yake. Linalotokea wakati mwingine ni kwamba mama wa O anayezaa mtoto wa A au B humwona mtoto ana manjano siku za mwanzo, kwa kawaida ya kiasi, na hospitali humtibu kwa kumweka chini ya mwanga maalumu. Hilo si sababu ya kuvunja uchumba.

Kuna uongo mwingine wa kundi la damu unaoumiza zaidi, nao unahusu baba wa mtoto. Mume ni A, mke ni B, mtoto kapimwa ni O, na vita vinaanza ndani ya nyumba. Rudi kwenye doti. Alama za A na B huonekana, kipande cha O hufunikwa. Baba anayeitwa A anaweza kuwa na kipande cha A na kingine cha O. Mama anayeitwa B anaweza kuwa na cha B na cha O. Wazazi hao wawili wanaweza kuzaa mtoto wa A, wa B, wa AB au wa O, wote halali kabisa. Hata wazazi wote wawili wakiwa A, mtoto wa O anawezekana. Kisicho cha kawaida ni mzazi wa AB kupata mtoto wa O, na hata hapo kuna nafasi ya kosa la maabara na hali adimu za kinasaba. Mwanamke aliyefukuzwa kwa sababu mtoto “hakuchukua kundi la baba” amedhulumiwa, na aliyemfukuza hakuwa na ushahidi wowote mkononi. Mwenye shaka ya kweli kipimo chake ni cha vinasaba, ambacho Tanzania hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Na kabla hatujaliacha kundi la damu: si kweli kwamba watu wa O hawapati virusi vya UKIMWI. Imani hii imezoeleka katika nyumba ambazo mmoja ameambukizwa na mwenzake bado, wakasema damu ya huyu ni ngumu. Virusi haviingii kwa kutazama alama za A na B. Ambaye hajaambukizwa leo anaweza kuambukizwa kesho, na kinachomlinda ni kondomu, dawa za kinga, na mwenzake kutumia dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo.

Tuje kwenye Rh. Ile alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya kundi lako, O+ au A−, ndiyo Rh. Ni alama nyingine ya nje. Ukiwa nayo wewe ni chanya, ukiikosa wewe ni hasi. Kwetu walio hasi ni wachache, takriban 5 kati ya 100 au pungufu. Kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama 15 kati ya 100. Hapa wazee wa kikao wana chembe ya ukweli, na ni haki kuwapa. Mtoto wa kwanza kuzaliwa mzima na wanaofuata kufa tumboni au kuzaliwa wamevimba na wenye manjano makali, kunaweza kweli kutokana na Rh.

Hutokea kwa mpangilio mmoja tu: mama hasi, baba chanya, mtoto akarithi chanya. Mpangilio mwingine wowote hauna shida. Mama akiwa chanya na baba hasi, hakuna kitu. Wote wakiwa hasi, hakuna kitu. Katika ule mpangilio mmoja, mimba ya kwanza kwa kawaida huenda salama. Ila wakati wa kujifungua, kondo linapobanduka, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wake unaona alama ngeni na kujifunza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto wa kwanza ameshatoka. Mimba inayofuata, ikiwa mtoto ni chanya tena, kingamwili hizo zinavuka kondo na kuanza kuvunja seli zake nyekundu. Anaishiwa damu akiwa tumboni.

Ndiyo sababu watu walishindwa kuelewa kwa karne nyingi: mbona wa kwanza alizaliwa mzima? Majibu yalikuwa kurogwa, kijicho cha mke mwenza, laana ya ukoo. Rh iligunduliwa na Landsteiner huyohuyo pamoja na Alexander Wiener na kutangazwa mwaka 1940, na mwaka 1968 sindano ya anti-D ikaidhinishwa kutumika.

Sindano hiyo inafanya kazi kwa njia ya kupendeza. Ina kingamwili za Rh zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine. Zinaziondoa seli za mtoto zilizopenya kwa mama kabla mwili wake haujaziona na kujifunza. Hupewa mama hasi ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na penye uwezo hupewa pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Mwaustralia mmoja, James Harrison, ambaye damu yake ilikuwa na kingamwili hizi kwa wingi, alitoa utegili (majimaji ya damu yasiyo na seli) mara 1,173 hadi alipotimiza miaka 81 mwaka 2018, na sindano kwa mamilioni ya akina mama zikatengenezwa kutokana na mkono wake. Alifariki mwaka 2025.

Mambo mawili husahauliwa sana kuhusu anti-D. Kwanza, mimba iliyoharibika, iliyotolewa au iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi nayo inahesabika, maana damu ya mtoto inaweza kupenya hapo pia. Mama hasi aliyepata mojawapo ya hayo amwambie mhudumu hali yake ya Rh mapema, asisubiri kuulizwa. Pili, sindano inazuia mwili kujifunza, haiwezi kuusahaulisha. Kingamwili zikishatengenezwa, imechelewa. Mimba zinazofuata zitahitaji uangalizi wa daktari bingwa. Si kila kituo kina sindano hii na bei yake si ndogo, kwa hiyo mama hasi na mumewe waulize itapatikana wapi miezi kadhaa kabla ya kujifungua. Saa 72 zinapita haraka mtu akiwa anahangaika na duka la dawa hadi duka la dawa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Selimundu, ambayo wengi wanaiita siko seli, ni kosa dogo mno katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Herufi moja ya kinasaba imebadilika, na kiungo kimoja cha protini kikabadilika nayo. Himoglobini ya kawaida huandikwa A, hii yenye kosa huandikwa S. Hapa ndipo fujo ya majina inapoanzia, kwa sababu A hii haina uhusiano wowote na A ya kundi la damu. Mtu anaweza kuwa kundi O na himoglobini AA, au kundi A na himoglobini SS. Ukiona herufi kwenye majibu yako, uliza ni herufi za kipimo gani.

Mwenye vipande viwili vya kawaida ni AA. Mwenye kimoja kimoja ni AS: huyu si mgonjwa, anaishi kama mtu mwingine yeyote, na wengi hawajui kamwe. Mwenye vyote viwili vya S ni SS, na huyu ndiye mgonjwa wa selimundu.

Himoglobini S ikishaachia oksijeni yake, hushikamana na kujipanga kwa nyuzi ndefu zinazoivuta seli mpaka ikapinda kama mundu. Seli iliyopinda ni ngumu. Inakwama kwenye mishipa myembamba na kuziba njia, na sehemu iliyo mbele ikakosa damu. Hapo yanakuja yale maumivu makali ya mifupa na kifua, viganja na nyayo za mtoto kuvimba, na hata kiharusi kwa mtoto mdogo. Tena seli hizi hazidumu. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii hufa baada ya siku 10 hadi 20, na mwili haumudu kuzifidia kwa kasi hiyo. Macho yanakuwa ya manjano na damu inapungua. Bandama, ambayo husaidia kupambana na vijidudu, huharibika mapema, na ndiyo maana nimonia inaweza kumuua mtoto huyu haraka.

Mtoto wa SS haonyeshi dalili miezi ya kwanza. Tumboni tunatumia himoglobini nyingine, ya kichanga, ambayo haina kosa hili, nayo hupungua taratibu hadi kufikia kama miezi 6. Mama anamwona mwanawe alikuwa na afya, ghafla anaugua. Kwa jicho la mtu asiyejua, inafanana kabisa na kurogwa, na sishangai kwamba familia nyingi zilienda kwa mganga kwanza.

Kwa nini kosa hili limejaa kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alisafiri Afrika Mashariki mwaka 1949 akipima damu za watu. Aliona kuwa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na kipande cha S, ilhali nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha jibu: mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Tafiti za baadaye huko Kilifi zilikadiria kinga hiyo kuwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Kwa maelfu ya miaka watoto wa AS walinusurika pale wengine walipokufa, wakakua na kukirithisha kipande hicho. Kwa hiyo S katika ukoo wako ni alama ya waliookoka malaria. Si laana. Lakini usije ukadhani kinga hiyo inamfikia mwenye SS: kwake malaria ni hatari kubwa zaidi, na chandarua na dawa ya kuzuia malaria ni lazima.

Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Nasema kila mimba. Kuna wanaodhani wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama, kama vile idadi imeshatimia. Sivyo. Vipande vinatolewa upya kila mara, na zipo nyumba zenye watoto watatu wa SS na nyumba zisizo na hata mmoja, wazazi wakiwa AS walewale. Mzazi mmoja akiwa AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, hata mwenzake awe mgonjwa. AS akizaa na SS, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu. Na kwa kuwa ugonjwa unahitaji kipande kutoka pande zote mbili, kumlaumu mama peke yake ni kosa la hesabu na ni ukatili.

Tanzania peke yake huzaliwa zaidi ya watoto 10,000 wenye selimundu kila mwaka, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi tatu, pamoja na Nigeria na India, zinazobeba mzigo mkubwa zaidi duniani. Saudi Arabia, tangu 2004, wachumba hutakiwa kupimwa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, kabla ya ndoa, ingawa uamuzi wa kuoana unabaki wao. Kwetu wengi bado wanapima kundi la damu, wanafurahi au wanalia, na S inapita kimyakimya.

Kwa hiyo ukienda maabara, usiseme “nataka kupima damu kama tunaendana”. Sema unataka kipimo cha aina ya himoglobini, kile kinachotoa majibu ya AA, AS au SS. Kuna kipimo cha bei nafuu cha kuangalia tu kama seli zinapinda. Kinaweza kusema S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Na ukipima ukubwani, majibu ni ya maisha yote, isipokuwa kama uliongezewa damu miezi ya karibuni, maana damu ya mtu mwingine inaweza kupotosha majibu.

Mkikutana AS na AS, hakuna mwenye haki ya kuwaamulia. Wapo wanaoachana mapema kabla mioyo haijazama, nami siwalaumu. Wapo wanaooana wakijua, na hao wana kazi moja ya kufanya kila wanapojaaliwa mtoto: apimwe akiwa mchanga, kwa tone la damu la kisigino, bila kusubiri augue. Akionekana ni SS, penisilini ya kila siku huanza mapema, kwa kawaida karibu na miezi 2 au 3, na kuendelea hadi miaka 5, pamoja na chanjo, kinga ya malaria na kliniki isiyokosa. Kisha kuna hidroksiurea, dawa inayourudisha mwili kwenye kutengeneza ile himoglobini ya kichanga isiyo na kosa. Madaktari waliogopa kwamba katika nchi zenye malaria ingeleta madhara. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, vikiwemo vituo vya Kilifi na Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume: watoto walioitumia walipata maumivu machache, malaria kidogo, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Mtoto anayeanzishiwa matibabu haya mapema si yule anayeambiwa hatafika miaka 18. Wapo wenye selimundu walio walimu, wauguzi, mama na baba wa watoto wao.